Siti binti Saad

Siti binti Saad (alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, alifariki 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarab kutoka Zanzibar. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kurekodiwa katika sahani za santuri. Anakumbukwa pia kwa sababu nyimbo zake kadhaa zilitokana na mambo ya kweli, yakiwemo mauaji na kesi iliyowaudhi watu wa mjini.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi. Mama yake alikuwa na asili ya Kizigua, kabila ambalo nchi yake iko ng'ambo ya bahari, kutoka Handeni na Pangani hadi kaskazini mwa Bagamoyo. Wote wawili walitoka katika familia za watumwa. Utumwa ulikuwa bado halali Unguja alipozaliwa. Ulifutwa kisheria mwaka 1897.

Familia ilikuwa maskini na binti hakusoma shule. Mama yake alifinyanga vyungu, naye Mtumwa akavibeba kichwani kwenda kuviuza mjini. Njiani alinadi bidhaa yake kwa kuimba, na watu walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona.

Kuingia katika taarab

Mwaka 1911 alihamia mjini na kukaa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe. Taarab wakati huo ilikuwa muziki wa wakubwa. Ililetwa katika jumba la kifalme wakati wa Sultani Barghash (1870-1888), ikiimbwa kwa Kiarabu. Chama cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume.

Muhsin Ali, mwanamuziki wa chama hicho, alisikia sauti yake akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Baadaye aliunda kundi pamoja na wanamuziki wengine, akiwemo Subeti Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku Talsam na Mwalimu Shaaban. Katika miaka hiyo alipata jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha bibi mwenye heshima, akaacha jina la Mtumwa. Alialikwa kuimba kwenye harusi, nyumbani kwa matajiri na mbele ya Sultani. Nyumbani kwake Ng'ambo kundi lilifanya mazoezi jioni, na majirani walikuja kusikiliza na kuzungumza habari za siku hiyo.

Jibu kwa wapinzani

Alipoanza kupata sifa, wapinzani wake walimtungia wimbo wa kejeli. Walimkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa amevaa kaniki, nguo ya watu maskini, na kwamba bila sauti yake asingekuwa na chakula. Siti hakukana asili yake. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe, akisema kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si kitu, bali hasara ya mtu ni kukosa akili. Majibizano hayo bado yanatajwa na wapenzi wa taarab.

Wimbo wa Kijiti

Wimbo wake unaojulikana zaidi kwa kisa chake ni Kijiti. Unahusu mwanamke mgeni, mwenye mimba, aliyetoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja. Mwanamume aliyeitwa Kijiti alimchukua usiku kwenda kwenye ngoma, wakanywa pombe, kisha akamfanyia ukatili na kumwua. Kijiti alivuka bahari akakimbilia bara.

Kesi ilipofika mahakamani, mwuaji hakuwapo. Waliohukumiwa kifungo ni wanawake wawili waliokuja kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe iliyonywewa usiku ule. Kwa watu wa Ng'ambo hukumu hiyo ilikuwa dhuluma, kwani mwenye kosa kubwa alikuwa huru na waliotaka haki itendeke walikuwa gerezani. Wimbo ulimtaja mwuaji kwa jina na kumpa marehemu nafasi ya kusema mwenyewe yaliyompata. Kwa njia hiyo jambo lililomalizwa mahakamani liliendelea kusikilizwa mitaani. Baadaye Bi Kidude, mwimbaji mashuhuri aliyefuata nyayo za Siti, aliimba Kijiti hadi uzeeni.

Kurekodi

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri kwa meli hadi Bombay, Uhindi, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV. Nyimbo hizo ziliimbwa kwa Kiswahili, na sahani zake ziliuzwa pwani na bara. Mtu asiyejua kusoma aliweza kukaa mahali penye santuri na kusikia habari za Unguja kwa lugha yake mwenyewe. Mafanikio hayo yaliyavutia makampuni mengine kurekodi waimbaji wa Kiswahili.

Kifo na urithi

Siku za mwisho za maisha yake alihojiwa na mwandishi Shaaban Robert, aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1958, ni kati ya wasifu wa mwanzo wa mwanamke Mwafrika kuandikwa kwa Kiswahili. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti kwa heshima yake.