Alan Shepard: sikio lilimshusha chini, upasuaji ukamrudisha juu... hadi mwezini!

Ukiuliza nani wa kwanza kwenda angani, wengi watakutajia Yuri Gagarin. Ukiuliza nani wa kwanza kukanyaga mwezi, hata mtoto wa shule ya msingi anakwambia Neil Armstrong. Leo nawaletea jamaa ambaye huwa anasahaulika hapo katikati: Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani. Na nimemchagua kwa sababu ya kitu kimoja tu... sikio lake la kushoto!

Shepard alizaliwa tarehe 18 Novemba 1923 huko East Derry, jimbo la New Hampshire. Alimaliza chuo cha jeshi la majini mwaka 1944, vita kuu ya pili bado inapiganwa, akapelekwa kwenye manowari bahari ya Pasifiki. Vita ilipoisha akasomea urubani, halafu akawa rubani wa majaribio, yaani wale wanaorusha ndege mpya ambayo hakuna mwenye uhakika nayo. Mwaka 1959 NASA ikachagua wanaanga wake wa mwanzo, watu 7 tu, naye akiwamo.

Tarehe 5 Mei 1961, wiki tatu hivi baada ya Gagarin, jamaa akarushwa peke yake. Alipanda kilomita 187 hivi, akatua baharini, safari nzima dakika 15. Akarudi shujaa wa nchi.

Sasa hapa ndipo pana mambo. Mwaka 1963 alikuwa amepangiwa kuongoza safari ya kwanza ya Gemini, chombo cha watu wawili. Ghafla mwili ukaanza kumgeuka. Kizunguzungu kikali, dunia inazunguka, kichefuchefu, kelele kubwa ndani ya sikio la kushoto, na usikivu wa sikio hilo ukawa unapungua. Mwanzoni akaficha. Kwa rubani, kusema una kizunguzungu ni sawa na kujifukuza kazi mwenyewe. Lakini alijua pia kwamba kikimshika akiwa huko juu, anaweza kufa. Mwisho kikamshika Houston, mbele ya watu, akiwa anatoa mhadhara. Siri ikaishia hapo.

Madaktari wakasema ni ugonjwa wa Ménière. Jina hilo linatokana na daktari Mfaransa, Prosper Ménière, ambaye mwaka 1861 alieleza kwamba kizunguzungu cha aina hii kinaanzia sikioni, siyo kwenye ubongo kama wenzake walivyodhani.

Tuelewane kidogo hapa. Sikio la ndani lina kazi mbili: kusikia, na kukufanya usimame bila kuyumba. Kazi zote mbili zinategemea majimaji yaliyo kwenye vijia vidogo sana ndani ya mfupa. Kwa mgonjwa wa Ménière majimaji hayo yanazidi. Ndiyo maana kizunguzungu, kelele na kutosikia vinakuja kwa pamoja, vinatulia, halafu vinarudi tena siku usiyoijua. Kwa nini yanazidi, sayansi mpaka leo haina jibu moja la uhakika.

Shepard akazuiwa kuruka. Ile safari ya Gemini akapewa Gus Grissom, ambaye aliruka na John Young Machi 1965. Yeye akapewa ofisi, mkuu wa wanaanga. Hebu fikiria... mtu aliyetangulia wote nchini kwake, sasa yuko mezani anasimamia ratiba na mazoezi ya wenzake, wanaondoka na kurudi, yeye yupo tu. Miaka zaidi ya mitano!

Mwaka 1968 mwanaanga mwenzake, Tom Stafford, akamtonya kwamba kuna daktari wa masikio Los Angeles anayefanya upasuaji wa ugonjwa huo. Ni William House. Shepard akaenda, akalazwa kwa jina la bandia, Victor Poulos, ili habari isivuje. House akatoboa mfupa ulio nyuma ya sikio, akafikia kifuko cha yale majimaji, akapachika kamrija kadogo ili yanayozidi yapate pa kutokea. Kizunguzungu kikakoma. Tarehe 7 Mei 1969 akaruhusiwa rasmi kuruka.

Mzee akataka mwezi moja kwa moja! Alipangwa Apollo 13, wakubwa wakaona anahitaji muda zaidi wa mazoezi, wakamsogeza Apollo 14. Apollo 13 ndiyo ile iliyopasuka tangi la oksijeni njiani, Aprili 1970. Tarehe 31 Januari 1971 Shepard akaondoka na Stuart Roosa na Edgar Mitchell. Akakanyaga mwezi akiwa na miaka 47, mkubwa kwa umri kuliko wote 12 waliofika kule. Akapiga na mipira miwili ya gofu, si mchezo!

Lakini nisiwadanganye wadau, upasuaji ule siyo muujiza. Mwaka 1981 madaktari wa Denmark walilinganisha wagonjwa waliowekewa mrija na wengine waliofanyiwa upasuaji mwingine wa mfano tu. Makundi yote mawili wengi wao walipata nafuu! Kwa hiyo ubishi upo mpaka leo, hasa kwa vile ugonjwa wenyewe huwa unatulia kwa vipindi. Siku hizi wengi wanaanza na kupunguza chumvi na dawa, halafu sindano ya kupitia ngoma ya sikio, kisu baadaye.

Na huyo House ana jambo lingine kubwa. Mwaka 1961, mwaka uleule Shepard aliporuka, alikuwa ameshaanza kupandikiza nyaya za umeme ndani ya sikio la mtu asiyesikia. Ni mmoja wa waanzilishi wa kifaa ambacho leo kinawasaidia viziwi wengi duniani kupata sauti.

Shepard alifariki tarehe 21 Julai 1998 kwa saratani ya damu. Mkewe Louise akamfuata wiki tano baadaye.

Kinachonikaa mimi ni ile miezi ya kuficha. Sikio bovu halionekani. Mtu akiyumba tunasema kalewa, asipoitika tunasema ana dharau, akianguka tunasema kapagawa. Kama una kizunguzungu kinachorudi, sikio linavuma na usikivu unapungua, usikae nacho kimya, nenda kapimwe. Inaweza kuwa nta tu, inaweza kuwa tundu kwenye ngoma ambalo linazibika, inaweza kuwa hiki cha Shepard. Kila kimoja kina tiba yake.

Haya, uwanja wenu wa maoni huo hapo chini. Nani anamjua mtu mwenye tatizo hili? Anaishi nalo vipi?