Bruce McKenzie: Waziri wa enzi ya mahindi chotara

WAKULIMA wa Kesses, karibu na Eldoret, wapandapo mahindi chotara hufuata njia iliyofunguliwa enzi za Waziri Bruce McKenzie.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1919. Baada ya kuhudumu katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, alihamia Kenya mwaka 1946 akawa mkulima Nakuru. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alimteua Waziri wa Kilimo, Mzungu pekee katika baraza lake.

Wakati huo mashamba ya walowezi yalikuwa yakigawiwa Waafrika kwa mikopo. Bila mbegu bora, mkulima mdogo angebaki na deni na njaa. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa aina mpya ya chotara. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ikaiuza hadi maduka ya vijijini, nao maafisa wa kilimo wakafundisha namna ya kuipanda.

McKenzie aliuawa Mei 24, 1978, bomu lilipolipua ndege yake juu ya vilima vya Ngong, akitoka Uganda alikokutana na Idi Amin. Kifo chake kingali kikijadiliwa. Mavuno ya Uasin Gishu yangali yakilisha taifa.