Delamere: Mlowezi aliyeshindwa na nyasi za Njoro

Jina la Lord Delamere hutajwa mno panapozungumziwa mashamba makubwa ya walowezi nchini Kenya. Ni nadra kukumbukwa kuwa ufugaji wake ulianza kwa hasara iliyotokana na udongo.

Hugh Cholmondeley, Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka wa 1870. Alifika nyanda za juu za Kenya mwaka wa 1897 akitokea Somalia, na mnamo 1903 serikali ya kikoloni ikamkodishia ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99.

Nyasi za Njoro zilikuwa tele, lakini Wamaasai waliepuka kulisha mifugo huko. Delamere aliagiza kondoo kutoka New Zealand. Wengi wakakonda na kufa.

Mizizi hufyonza madini yaliyoyeyuka katika maji ya udongoni. Yale yasiyokuwemo ardhini mmea hauwezi kuyaunda. Nyasi huweza kusitawi penye upungufu wa kobalti, ilhali kondoo huangamia, kwani vijidudu vya tumboni mwake huhitaji madini hayo ili kutengeneza vitamini B12. Mnyama hudhoofika akiwa amesimama katikati ya malisho.

Siri hiyo ilifumbuliwa na wanasayansi wa Australia na New Zealand katika miaka ya 1930, na upungufu huo ukaja kuthibitishwa eneo la Nakuru. Delamere hakuwahi kupata jibu hilo.

Alihamishia mifugo Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, akafanikiwa. Malisho hayo yalikuwa ya Wamaasai hadi mkataba wa 1904 ulipowaondoa Bonde la Ufa. Mkataba wa 1911 uliwaondoa Laikipia pia, wakasukumwa kusini, katika maeneo ambayo leo ni kaunti za Kajiado na Narok. Waliozifahamu nyasi wakapokonywa zile bora.

Delamere alijaribu pia ngano, ikashambuliwa na kutu, akamwajiri mtaalamu azalishe mbegu sugu. Aliwaongoza walowezi katika Baraza la Kutunga Sheria hadi alipofariki Novemba 1931.

Kitengela sasa imejaa nyua na ploti. Mfugaji asiyeweza kuhamisha mifugo kutoka udongo mmoja hadi mwingine hulazimika kununua dukani chumvi ya madini, ambayo babu zake waliifuata kwa miguu nyasini.