Aliyepanda Asivune

Huenda unasoma haya ukiwa Miono, umetoka kuhubiri kijiji cha jirani, umekwenda kwa miguu, na waliokusikiliza walikuwa watano tu. Umechoka, na unajiuliza kama kuna faida. Basi leo mfahamu Charles New.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1840, akawa mhubiri wa Kimethodisti. Tangu mwanzo Wamethodisti walisifika kwa wahubiri wao wa kusafiri. Hawakungoja watu waje kanisani. Waliwafuata walikokuwa, mara nyingi juu ya farasi. New alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1863, akaungana na Thomas Wakefield katika misheni ya Ribe, karibu na Mombasa. Huku safari zilikuwa za miguu, pamoja na wapagazi na waongoza njia ambao bila wao asingefika mbali.

Mwaka 1871 alifika Uchagga, akapanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Mmisionari Johannes Rebmann alikuwa ameiona kwa mbali mwaka 1848, na baadhi ya wasomi wa Ulaya wakambishia. New aliigusa kwa mkono wake. Mwaka uliofuata alikubali kuingia katika msafara wa kumtafuta Dk. Livingstone. Lakini Stanley akatokea Bagamoyo na habari kwamba amekwisha kumwona, na New hakuendelea na safari ile.

Moyo wake ulibaki Uchagga, akarudi. Safari hii Mangi Rindi wa Moshi, aliyeitwa pia Mandara, alimnyang'anya mali zake. New akageuza njia mikono mitupu, akaugua, na Februari 1875 akafariki kabla ya kufika Ribe. Alikuwa na umri wa miaka 35 hivi. Hakuacha hata kanisa moja Uchagga.

Utasema alishindwa? Ngoja kwanza. Mwaka 1885, miaka kumi baada ya kifo chake, mangi yuleyule aliwapokea wamisionari wa Kianglikana Moshi. Mwaka 1893 wakaja Walutheri wa Leipzig. Leo pita Moshi siku ya Jumapili, uone barabara zinavyojaa watu waendao ibadani.

Soma Yohana sura ya 4. Pale Samaria, Yesu aliwakumbusha wanafunzi wake kwamba wanaingia katika shamba lililolimwa kwa jasho la wengine. Nawe pia ulipokea Injili kwa miguu ya mtu ambaye labda hukumjua hata jina.

Ndugu yangu, Mungu hakukuagiza uhesabu mavuno. Alikuagiza upande. Je, ungekwenda hata kama ungejua kwamba hutayaona mavuno? New alikwenda. Jumapili ijayo wale watano watakuwa wanakungoja. Usiwakose.