Christopher Strachey, Mgawa Zamu

Abiria afikaye Luanda Kotieno akielekea Mbita huyakuta magari yamejipanga foleni yakingojea feri. Aliyetangulia kufika ndiye atanguliaye kupanda. Lakini likitokea gari lililobeba mgonjwa mahututi, si ajabu foleni nzima ikalipisha. Suala hilo la nani atangulie, na kwa kanuni ipi, ndilo lililomshughulisha Christopher Strachey, ingawa yeye foleni yake ilikuwa ndani ya mashine.

Strachey alizaliwa London tarehe 16 Novemba 1916. Babake, Oliver, alikuwa mfumbuaji wa maandishi ya siri ya serikali. Mamake, Ray, alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Naye Lytton Strachey, mwandishi mashuhuri wa wasifu, alikuwa amiye. Mtoto wa ukoo kama huo hutarajiwa makubwa, lakini Christopher hakuyaonyesha mapema. Huko Cambridge aliugua, akaambulia shahada ya kawaida tu, kisha akaishia kufundisha shuleni.

Alikuwa angali mwalimu wa shule ya Harrow mwaka 1951 alipoandika programu ya kuiwezesha kompyuta (au tarakilishi, kwa wenzetu walipendalo neno hilo) kucheza dama. Mwaka uliofuata aliifanya mashine ya Manchester itunge barua za mapenzi. Ilichagua kwa bahati nasibu nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi, ikavipachika katika miundo michache ya sentensi. Kwa maoni yangu, barua hizo zingefaa kujadiliwa katika darasa la sintaksia: sarufi imekamilika, mapenzi hayamo.

Wakati huo kompyuta zilikuwa chache na za gharama kubwa mno, nazo zilipoteza muda mwingi zikisubiri: zinasubiri data iingie, au zinamsubiri mtunga programu anayetafuta kosa lake. Mnamo Juni 1959, katika kongamano la UNESCO mjini Paris, Strachey alipendekeza programu kadhaa zikae pamoja katika mashine moja. Moja ikisimama kungoja, nyingine ishike zamu, na juu yazo zote iwepo programu msimamizi inayojua ipi ina haki ya kutangulia. John McCarthy wa Marekani alilitumia jina lilo hilo, kugawana wakati, kwa maana ya watu wengi kutumia mashine moja kwa pamoja, kila mmoja na kiti chake. Wapo waliompa Strachey sifa ya wazo hilo pia. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba silo alilokusudia. Uungwana ambao si wasomi wote wanao.

Simu ya mwanafunzi wa Kisumu, ikicheza muziki huku ikituma pesa, ina msimamizi wa aina hiyo katika kiini cha mfumo wake endeshi. Kwa muda mrefu, aliyetaka kanuni tofauti ya zamu katika kiini cha Linux alilazimika kukifumua na kukiunda upya. Toleo la 6.12, lililotoka Novemba 2024, lilimruhusu mtunga programu kuandika mgawa zamu wake na kumpachika mashine ikiendelea na kazi. Mgawa zamu huyo akiinyima kazi fulani zamu kwa muda mrefu kupita kiasi, kiini humwondoa na kuirejesha kanuni ya awali.

Strachey alihamia Oxford mwaka 1965 akaanzisha kikundi cha utafiti wa programu, na ndiko alikofanya kazi na Dana Scott kuhusu semantiki ya lugha za programu. Kazi zake mwenyewe, hata hivyo, zilikaa foleni. Lugha ya CPL aliyoibuni pamoja na wenzake haikukamilika kamwe. Kuchapisha hakukumvutia sana. Mihadhara aliyoitoa Copenhagen mwaka 1967 ilienea kwa nakala za mkono kwa mkono miongoni mwa wataalamu. Alifariki tarehe 18 Mei 1975, akiwa na umri wa miaka 58. Mihadhara hiyo ilichapishwa jaridani mwaka 2000.