Mo Amin: Kutoka Duka Dogo la Picha Hadi Macho ya Dunia

Unakumbuka View-Master? Kile kidude cha kuweka machoni kama darubini. Unaingiza kisahani cha kadibodi chenye picha 14, mbili mbili, unabonyeza kando, na mandhari saba yanapita mbele yako kama uko huko. Kwetu Kitengela kilikuwa kimoja mtaa mzima. Filamu za kamera nazo tulipeleka kuoshwa studio kando ya barabara ya Namanga. Leo studio nyingi zimebaki za picha za pasipoti na fotokopi, na ni rahisi kuzidharau. Lakini ngoja nikuambie alikoanzia Mohamed Amin.

Mo alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie kuukuu. Mwaka 1963, hata hajafika miaka 21, alianzisha Camerapix hapo Dar, biashara ndogo tu ya picha. Mwaka uliofuata Zanzibar ikapinduliwa, naye akaenda na kamera. Mwaka 1966 alifungwa jela huko karibu mwezi mmoja, kisha akarejea Nairobi kuanza upya.

Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi, Mo alikuwa kati ya wa kwanza kufika. Oktoba 1984, BBC ilionyesha picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia. Dunia ilishtuka, michango ikamiminika, na 1985 tamasha la Live Aid likafanyika.

Nyumbani pia hakusahau. Mwaka 1987 yeye, Duncan Willetts na John Eames walitoa The Last of the Maasai, kitabu kuhusu jamii ambayo Kajiado ni kwao.

Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa. Wewe si ungeacha? Yeye aliwekewa wa bandia, akarudi kazini. Novemba 23, 1996, ndege aliyopanda ilitekwa, ikaanguka baharini karibu na Comoro. Alikuwa na miaka 53.

Mo hayupo, ila picha zake zipo, kwa sababu alizitunza. Sasa wewe una picha ngapi kwenye simu, na zitabaki ngapi ikiibwa leo? Wikendi hii pitia studio ya mtaani, uoshe hata moja tu, ya shosho wako. Siku moja utaitafuta.