Virginia Woolf na matembezi ya ukingo wa mto

WAPENZI wa fasihi humkumbuka Virginia Woolf kwa riwaya zake, ikiwamo To the Lighthouse ya mwaka 1927. Yasiyojulikana sana ni matembezi yake kijijini Rodmell, kusini mwa Uingereza.

Mwandishi huyo alizaliwa London Januari 25, 1882. Agosti 1912 aliolewa na Leonard Woolf, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko Ceylon, sasa Sri Lanka. Mwaka 1919 walinunua nyumba Rodmell, na kila majira ya joto yalipowadia waliliacha jiji wakaenda huko. Asubuhi Virginia aliandika. Alasiri alichukua fimbo yake akatembea vilimani au kando ya Mto Ouse, mara na mumewe, mara na mbwa peke yake.

Mwaka 1926 rafiki yao, mwandishi Vita Sackville-West, aliwapa mbwa jike aliyeitwa Pinka. Picha yake ndiyo iliyopamba Flush, kitabu cha mwaka 1933 kinachosimulia maisha ya mbwa wa mshairi Elizabeth Barrett Browning. Virginia alikiandika kama mzaha tu, lakini kiliuzwa mno. Pinka alikufa mwaka 1935.

Maradhi ya akili, yaliyomwandama tangu ujana, yalimrudia wakati wa vita. Machi 28, 1941, akiwa na umri wa miaka 59, alitoka peke yake kuelekea mto uleule. Leonard aliikuta fimbo ukingoni. Mwili ulipatikana wiki tatu baadaye.

Mumewe hakuihama nyumba hiyo hadi alipofariki mwaka 1969.